Masalu, Mchunga wa Baiskeli

Sogeeni karibu, na wa nyuma wasogee pia, maana habari za Masalu Shigela si za kusimulia kwa sauti kubwa.

Nyakato, pale Mwanza, miaka ile ya soko huria, palikuwa na wanaume saba wa kiwanda cha sabuni na mafuta ya pamba. Kila mwaka kiwanda kilipofungwa kwa matengenezo, wenzao walienda kulima kwao. Hawa saba walifunga mablanketi kwenye keria za baiskeli wakaenda kutembea. Mwaka mmoja Magu, mwaka mwingine Ngudu, mwingine wakavuka kwa kivuko hadi Sengerema. Hawakuwa na shida iliyowapeleka huko. Walienda kuona, wakala samaki wa watu, wakarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Watoto wa Nyakato walipouona msururu wao walikimbilia barabarani wakipiga kelele, "Ng'ombe wa Masalu hao!" Na wale watu wazima, baba za watu, walicheka, mmoja akaitikia kwa mlio wa ndama.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Masalu alikulia upande wa Magu akichunga ng'ombe wa baba yake, na mchunga wa Kisukuma hatangulii mbele ya ng'ombe. Anakaa nyuma. Huko nyuma anamwona anayechechemea, anayetaka kuingia shamba la mtu, aliyechoka. Alipohamia mjini na kununua baiskeli, akaja na utaratibu huo huo. Mwenye nguvu kuliko wote ndiye anakaa mwisho, na huyo alikuwa yeye. Kama kuna aliyezidiwa au aliyepata pancha, Masalu anapiga kengele mara mbili na wote wanasimama. Kengele isipolia, wote wazima, kanyaga. Na kitu kimoja kilikatazwa kabisa: kugeuka nyuma. Ukigeuka ni kama unamwambia mchunga kwamba humwamini. Josephat, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, aligeuka mara moja njia ya Kisesa, akataniwa mwaka mzima.

Kwenye mbuga zile za kwao utaratibu huo haukuwahi kuwaangusha. Unaona mbele hadi macho yanachoka, na kengele inasikika kama iko begani kwako.

Sasa, mnajua mambo yalivyokuwa wakati huo. Maduka yalijaa sabuni za nje zenye harufu ya maua, mafuta ya kula yalikuja na meli kutoka nchi ambazo hatujui hata ziko wapi, na kiwanda kikaanza kusuasua. Ikasemwa kitauzwa. Kisha ikasemwa watu watapunguzwa, waanze wenye umri. Masalu aliitwa ofisini akaambiwa kwa heshima kwamba mwisho wa mwezi ule wa Agosti ndio mwisho wake. Alikuwa ametumikia mashine za kukamua mbegu tangu akiwa kijana asiye na ndevu. Alitoka ofisini akaenda kuzifuta mashine zake kama kawaida, akanawa, akarudi nyumbani akamwambia mkewe Dorotea, "Mama, wamenitoa." Akaomba chakula. Hakulisema tena.

Kwa hiyo eleweni hivi: Masalu alikuwa amebakiwa na sehemu moja tu ambako watu walimhitaji, nayo ni ule mkia wa msururu wa baiskeli.

Mwaka huo redio ilitangaza mashindano makubwa ya baiskeli upande wa Kagera. Wanaokuja si watu wa mbio za sikukuu. Ni wale ambao kazi yao ndiyo hiyo, wanalipwa mshahara kwa kukanyaga pedeli, na watapanda mlima kwenda Kamachumu. Byabato, karani wa stoo, Mhaya pekee katika lile kundi, alirukaruka kama mtoto. Mlima huo ni wa kwao! Wote watalala kwa mama yake, watapanda mlima wenyewe asubuhi kabla njia haijafungwa, kisha watakaa juu wawasubiri hao wa kulipwa.

Jioni ya safari, pale bandarini, wakati baiskeli zinapakiwa melini, Dorotea alimvuta Byabato pembeni. Alimweleza kwamba alfajiri tatu nne hivi amemkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani, jasho linamtoka. Akimuuliza anasema ni kiungulia. Zahanati ameahidi kwenda akirudi.

"Baba Noela," alimwambia, "wewe anakusikia. Msimwache akae nyuma. Huko ni milimani. Akae katikati ya watu."

Byabato akamwahidi. Alimwahidi kwa kumshika mkono.

Walifika Bukoba salama, wakaendesha siku nzima taratibu hadi kwa mama yake Byabato, wakala ndizi kwa maharage hadi wakafungua mikanda. Mama akawapitishia buni zilizokaushwa za kutafuna, kama Wahaya wanavyomkaribisha mgeni. Josephat akadhani ni karanga, akatupa konzi nzima mdomoni, uso ukamkunjamana, na mama mwenye nyumba akacheka hadi akafuta macho kwa khanga. Masalu alicheka pia. Siku hiyo, wote wanasema, alikuwa na furaha kuliko walivyomwona kwa miezi. Alimtania Byabato kwamba sasa ameelewa kwa nini Wahaya wanajivunia shule: migomba inajiotea yenyewe, hawana kazi nyingine ya kufanya. "Nshomile wewe," akamwambia, yaani msomi, "ungechunga ng'ombe hata siku moja usingejua Kiingereza."

Asubuhi, chini ya mlima, Byabato alikumbuka ahadi yake.

"Leo nyuma nakaa mimi, Ngosha," akasema mbele ya wote, akimwita kwa jina la utani la Wasukuma, ili isionekane nzito. "Huku ni kwetu."

"Kwenu ni kwa kulala na kula ndizi," Masalu akajibu. "Nyuma ni kwangu."

Wenzao wakacheka. Byabato akamsogeza kando, kwenye mibuni, akamwambia ukweli wote: kwamba shemeji Dorotea ameomba, na kwamba yeye ameahidi. Masalu alichezea majani ya mbuni.

"Byabato," akasema hatimaye, "kiwandani nimebakiza siku za kuhesabu. Na wewe ukininyang'anya hii, nitarudi kwa Dorotea nikiwa nani?"

Byabato alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hakujiandaa kwa swali. Akaona afanye hivi: amwachie mkia, lakini yeye awe wa pili kutoka mwisho, masikio wazi. Na ndivyo walivyoanza. Lakini hawajafika mbali, Chenge, kijana wao wa mbele mwenye miguu mirefu, alikuta njia inagawanyika akasimama, hajui pa kushika. Akaitwa mwenyeji. Byabato akapita mbele kuonyesha njia, na njia ile ikaendelea kugawanyika, huku ya shamba, huku ya kanisani, ikawa hakuna namna ya kurudi. Akabaki mbele.

Mlima ule si wa kunyooka. Unazunguka kama kamba iliyotupwa, kona baada ya kona, na kila kona ina ukuta wa udongo na migomba minene juu yake. Aliye kona ya chini huwezi kumwona, na sauti yake inamezwa. Watu wa mbugani hawakuwa na habari na jambo hilo. Byabato mwenyewe alilijua toka utotoni, lakini alilijua kama unavyojua kitu ambacho hujawahi kukifikiria.

Wakapanda. Zile baiskeli zao za Kichina hazina gia, ni nguvu za paja tu. Josephat alisema waziwazi anataka kushuka asukume. Chenge akamjibu bila kugeuka kwamba mzee yuko nyuma yake na hajapiga kengele, sasa yeye mwenye umri wa mtoto wake anashukaje? Josephat akang'ata meno akakanyaga. Wote wakawa wanasikiliza kengele kati ya pumzi na pumzi. Haikulia. Na kadiri ilivyokuwa hailii ndivyo walivyozidi kupata nguvu, wakisema mioyoni, kama Masalu anaweza, nasi tunaweza. Wakafika juu bila hata mmoja kuweka mguu chini. Walijitupa kwenye nyasi, wakashikana mikono kama waliofunga goli.

Masalu hakutokea. Mwanzoni hawakushtuka. Wakasema mchunga anapumzika, ameleta ng'ombe nyumbani, sasa anakuja kwa madaha. Byabato alisimama atelemke kumtafuta, lakini wasimamizi wa mashindano walikuwa wameshafunga njia kwa kamba, hakuna kushuka mpaka waendeshaji wapite. Wenzake wakamvuta akae. Bila shaka, wakasema, na yeye amezuiwa hapo chini, amepata pazuri pa kutazamia.

Kisha wakaja. Kwanza honi ya gari, halafu kelele za watu zikapanda mlima kona kwa kona, halafu wao wenyewe, wamekonda, wameinamia baiskeli nyembamba, jasho linadondoka mbele ya gurudumu. Walipita karibu kiasi cha kuguswa. Wanyakato walipiga kelele hadi sauti zikawakauka. Hata Byabato alisahau kwa muda. Mtu akitazama kitu kizuri hivyo anasahau, tusimlaumu.

Nyuma kabisa likaja gari dogo la mizigo, la kuwaokota walioshindwa. Lilikuwa limepakia zile baiskeli nyembamba tatu au nne, na juu yake, kubwa, nyeusi, na keria nyuma na blanketi limefungwa kwa mpira, baiskeli ya Kichina. Watu walicheka. Walionyeshana vidole, wakauliza huyo naye alikuwa anashindana na nani. Josephat alikuwa wa kwanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa. Kikamkatikia kooni. Wote sita waliliona lile blanketi kwa pamoja, na wote sita wakakimbia.

Masalu alikuwa amelazwa chini, katikati ya baiskeli, uso umefunikwa kwa fulana ya mtu. Alikuwa ameshakufa.

Aliyewaeleza ni mama mmoja aitwaye Eugenia, muuza ndizi mbivu, ambaye alikuwa amekaa kona ya tatu kutoka chini na alipanda kwenye gari kumsindikiza. Alisema yule baba alifika pale akisukuma baiskeli, akamsalimia vizuri, akaomba kukaa kivulini kidogo. Alikuwa anahema vibaya. Eugenia akamuuliza yuko na nani, akajibu yuko na watu wake, wametangulia. Basi waite, akamwambia, hiyo kengele si ipo?

"Akaniambia, 'Nikipiga watasimama. Na mlima huu ukisimama huanzi tena. Waache wafike.'"

Eugenia alimpa ndizi, akaishika bila kuimenya. Baadaye watu wakajaa, mashindano yakapita, na yule baba akiwa ameegemea ukuta wa udongo kama mtazamaji mwingine yeyote. Wale wa kulipwa walipita mbele ya miguu yake. Njia ilipotulia Eugenia akamgusa bega.

Walimrudisha Mwanza kwa meli. Dorotea alishapata habari kwa simu ya kiwandani. Msibani, nyumbani kwao Nyakato, wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka wakiimba nyimbo za kanisani taratibu, na Byabato aliingia akapiga magoti mbele yake. Dorotea ndiye aliyeanza.

"Nani alikuwa nyuma yake?"

"Hapakuwa na mtu, shemeji."

"Ulimwambia?"

Byabato akamweleza yote: mibuni, swali aliloulizwa, njia zilizogawanyika, kengele ambayo haikulia. Hakujiongezea wala kujipunguzia. Aliposema maneno ya Masalu, nitarudi kwa Dorotea nikiwa nani, wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuimba.

Dorotea hakulia pale. Alikuwa anaangalia sakafu kando yake, ambapo mkeka ulikuwa umebaki wazi.

"Ungemnyang'anya angekukasirikia," akasema. "Na mimi angenikasirikia, maana angejua nimekutuma. Asingesema na mtu nyumba hii mpaka Krismasi. Namjua."

"Ndiyo, shemeji."

"Lakini angekasirikia hapa, Baba Noela." Akaweka kiganja juu ya mkeka. "Angekuwa amekaa hapa, amekasirika."

Byabato akainamisha kichwa. Mama mmoja akaleta sahani ya ugali na dagaa, akamtilia maji anawe, kwa kuwa ilisemekana hajala tangu Bukoba. Alinawa. Alikaa na ile sahani mapajani hadi ikapoa, na Dorotea hakumhimiza ale wala hakumwambia aondoke.