Jicho la Tai na Ukuta wa Taa

Jina la Jicho la Tai alijipachika mwenyewe, akaliandika hadi kwenye begi la kamera. Mpiga video za harusi huyo hakuvua miwani yake nyeusi hata ndani ya ukumbi, ati ndiyo heshima ya kazi. Haya, heshima hiyo.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipoolewa, kazi akapewa yeye. Mama mkwe, aliyelala kitandani na nyonga iliyovunjika, alimwomba kitu kimoja tu: auone uso wa kitinda mimba wake siku hiyo.

Nyuma ya maharusi palisimamishwa ukuta mzima wa taa za LED, mkali hadi macho yanauma. Picha ikawa nyeupe pe. Badala ya kupunguza tundu la lenzi linaloingiza mwanga, Jicho la Tai akapandisha kasi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufungika. Fundi wa taa akamnong'oneza kwa adabu kwamba taa hizi huwaka na kuzimika upesi mno; jicho halioni, lakini kamera ikienda kasi hivyo inaona, na picha itajaa michirizi. Jicho la Tai akamjibu kwamba yeye alianza kupiga harusi fundi akiwa bado ananyonya. Michirizi ipi? Kwenye kioo cha kamera, kwa miwani ile, mambo yalikuwa shwari.

Alipokwenda kuihariri video ndipo akaiona michirizi, akaufyata. Alijipa moyo kwamba mama ni mzee, hataijua.

Akaiwasha runinga chumbani kwa mama, mkewe kakaa pembeni. Michirizi myeusi ikapita juu ya uso wa bibi harusi mwanzo hadi mwisho. Mama akafuta miwani yake, akafuta tena.

"Mkwe, macho yangu ndiyo yamekwisha?"

"Ni umri tu, mama," akasema, bila hata haya. Mkewe akamkata jicho.

Uongo una gharama zake. Kesho yake ilibidi ampeleke mama kwa daktari wa macho, na kliniki iko ghorofani, na lifti mbovu. Akambeba mgongoni ngazi zote, jasho linamtoka, mama anaugulia nyonga. Daktari akapima, akasema macho ni mazima kabisa.

Jicho la Tai akamrudisha mama nyumbani, akamlaza kitandani, akanyoosha mkono kuwasha runinga.

"Iache," mama akasema. "Vua miwani, mkwe. Umeninyima uso wa mwanangu, basi nionyeshe wako."

Akaivua. Hakujua atazame wapi.