Samaki wa Bwana Shamba

Samaki wale sikuwaua mimi. Aliyewaua ni bwana shamba wa Kasulu, mtu wa Tanga, akisaidiwa na mkewe aliyeona na kunyamaza. Majina yao siyaandiki. Wakisoma, watajijua.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa msichana niliyevuka mpaka kutoka Burundi na shuka moja na mdogo wangu mgongoni. Bwana shamba alinipa kazi ya ndani, na kibanda cha uani tukalala humo sisi wawili. Kazi ikiisha, na kibanda kimeisha.

Huyo bwana bahari ilimkaa kichwani. Akachongesha tangi la kioo lenye fremu ya chuma, akaliweka sebuleni. Maji hakuyakoroga mwenyewe kwa chumvi. Yaliletwa kutoka pwani yakiwa tayari, yamechujwa, yamezibwa kwenye madumu, yakapanda treni hadi Kigoma na lori hadi kwetu. Mawe ya baharini yakaja ndani ya magunia mabichi. Nikamsaidia kumimina. Nikauliza, "Bwana, samaki wako wapi?"

Akacheka. "We binti, una haraka kama mama mkwe. Maji mapya lazima yaugue kwanza. Yakishapona ndipo samaki waingie. Ukiwatia kabla, wanakufa."

Akatupa humo vipande vya kamba wakavu vioze. Pampu hatukuwa nayo, kwa hiyo asubuhi na jioni nilisimama kwenye kigoda, nachota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Yakaugua kweli. Yakawa kama maji ya mchele, sebule ikanuka, mkewe akawa anakula chakula jikoni na mimi. "Mume wangu ameniletea choo ndani," alikuwa akisema, tunacheka wote. Nilimpenda mama yule. Ndiyo maana nina uchungu naye zaidi.

Baadaye maji yakatakata, lakini harufu ilikuwa bado. Bwana mwenyewe alisema bado. Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wake wa Kigoma anakuja kula chakula cha mchana. Mara hiyohiyo "bado" ikafutika. Samaki wa baharini wakaletwa na gari la ofisi, wadogo, wana mistari ya manjano, akawatia kwa mkono wake. Mkewe akamwuliza, "Si ulisema bado?" Akamjibu, "Maji safi yale, huyaoni?" Nilikuwa nimesimama hapohapo na sinia.

Mkubwa alikuja, akasifia, akaondoka. Kesho yake samaki wote walikuwa wanaelea ubavu.

Bwana akatoka na kelele. Eti nimetia sabuni. Halafu sabuni ikageuka sumu. "Hawa Warundi ndiyo zao!" Akamwita balozi wa nyumba kumi, Muha mtu mzima, na majirani wakafuata kama wameitwa harusini. Nikamtazama mama. Nikasema, "Mama, sema ulichomwuliza jana." Akaangalia kanga yake.

Balozi akaniambia, "Binti, watu wanasema sumu. Unasemaje?"

Kwetu, na kwa Waha ni hivyohivyo, pombe ikiletwa, mwenye kuileta anaonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina kitu. Tunaita gusogongera. Nikaingia sebuleni, nikachota kikombe kizima tangini, kati ya wale samaki wafu, nikatoka nacho uani. Nikanywa nusu.

Chumvi ile ilinikata koo. Na uvundo ule wa kamba! Tumbo likapanda mpaka mdomoni. Nilijua nikitapika mbele ya watu wale nimekwisha, watasema sumu ndiyo hiyo inatoka, na mdogo wangu atalala barabarani. Nikauma meno. Nikameza. Kisha nikapiga goti kama desturi, nikamnyooshea bwana kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu, bwana. Nimeshaonja."

Balozi akajikuna kidevu, akasema, "Bwana shamba, kikombe kimekufikia."

"Maji haya si ya kunywa!"

"Hata mtoto huyu anajua si ya kunywa. Lakini amekunywa, na ni mzima."

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Si bahari ya kwenu hiyo? Kunywa!" Watu wakaangua kicheko. Bwana akageuka, akaingia ndani. Balozi akasema neno la sumu limekwisha, asilirudie mtu. Ndipo nikaenda nyuma ya choo nikatapika vizuri.

Mchana ule bwana akanifukuza, si kwa sumu tena, kwa jeuri. Nilipokuwa nafunga mkeka mama akaja kibandani, anaongea chini chini. "Binti yangu, mwombe radhi tu. Mbele ya watu umemwaibisha. Ukimwomba atakuacha ubaki, na mtoto apate pa kulala."

"Yeye aniombe mimi," nikasema. "Na wewe baada yake."

Nikambeba mdogo wangu, nikapita mlango wa mbele, ule wa wageni, huku bwana amekaa hapo anasoma gazeti. Tulilala kwa watu, tukalima vibarua mpaka Kitahana, na kuna siku tulikunywa uji wa maji matupu. Mdogo wangu ameshaniuliza kama sikuweza kusema neno moja tu siku ile. Niliweza. Sikutaka. Hadi leo sitaki.