Mti Ukutani mwa Chumba cha Macho

Siku yangu ya kwanza kazini, titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya karibu na kambi ya jeshi ya Kamina, alinipa blanketi la askari na misumari. "Funika dirisha ile," aliniambia. "Giza ikiingia, kazi njo inaanza." Njo ya kwetu ni ndiyo ya vitabuni. Nilipigilia misumari, nikaing'oa, nikaipigilia tena, maana uzi wa mwanga ulipenya pembeni nami sivumilii kitu kilichopinda.

Naandika kumbukumbu za kustaafu huku kichwani sina mvi hata moja. Mtanisamehe.

Kazi ilikuwa kutazama sakafu ya jicho, ule ukuta wake wa nyuma, kwa oftalmoskopi, tochi ndogo yenye tundu la kuchungulia. Sikusomea shuleni, nilijifunza kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada na kwa video za simu nilizozirudia hadi betri ikaisha. Katika mwili wote, ni mle tu unamoona mishipa ya damu ikiwa hai bila kumpasua mtu. Kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini, mishipa midogo kabisa hutangulia kuumia. Ukuta wake unalegea, unavimba, nawe unaona kidoa chekundu kama ncha ya sindano. Mgonjwa haumwi. Anaona vizuri. Anacheka nawe, na uharibifu umeshaanza.

Mjini walisema naona wafu. Sokoni wake za askari waliinamisha macho nilipopita.

"Usimuangalie," mmoja alisema bila hata kunong'ona. "Ule anaonaka bantu benye bataka kufa."

"Basi amuangalie bwana yangu," mwenzake akajibu.

Sikucheka. Nami nina ugonjwa huohuo tangu utotoni, na insulini yangu huishi ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji, isiharibiwe na joto. Macho yangu hayakuwahi kutazamwa. Kituoni ni mimi pekee niliyejua tochi ile, na hakuna awezaye kuchungulia jicho lake mwenyewe.

Ila niligundua njia. Mle gizani nilifumba jicho la kushoto, nikasogezasogeza taa ya simu juu ya kope, kwenye pembe. Mbele yangu ukainuka mti mweusi usio na majani. Vilikuwa vivuli vya mishipa yangu. Mkono ukitulia, mti ulizama. Niliuchora ukutani kwa makaa, tawi kwa tawi, nikifuta na kuanza upya, ili siku tawi likipotea nijue.

"Weye!" titulaire alishtuka. "Unachora muti gani mu ukuta ya Leta, ukuta ya serikali?"

"Ni wa kujifunzia, chef."

"Nikiingia humu, naona kama inaniangalia." Lakini hakuniamuru niufute.

Baadaye nilipelekwa Kabongo kwa muda. Huko nilimtazama mwalimu kijana mwenye vidoa. Alijichoma insulini yake kwa utaratibu, na miezi ilipopita, baadhi ya vidoa havikuwepo. Nilidhani nimekosea, nikatazama tena na tena.

"Docteur, ulipoteza ufunguo mule?" akalalamika.

Daktari mkuu wa zone, yaani wilaya ya afya, mtu wa maneno machache, aliniambia, "Mushipa inajitengenezaka, sukari ikiipa nafasi. Lakini angalia pembeni." Pembeni kulikuwa na kidoa kipya. Vidoa vile vilikuwa kama mtu anayehama nyumba bila kuaga.

Niliporudi Kamina nilimkuta Bibiche, muuguzi mgeni, mke wa askari kutoka Mbandaka. Nilimfundisha tochi mpaka akachoka. "Yaya," alisema, kama kwao wanavyomwita ndugu mkubwa, "na weye, hata malaika angekimbia." Siku aliyoanza kuona vidoa vya wagonjwa bila msaada wangu, niliketi kwenye kiti chao.

"Anza na la kushoto," nikamwambia.

Alikaribia mpaka pumzi yake ikagusa shavu langu. Kisha akageuka, akaumulika ukuta, akarudi jichoni.

"Yaya, njo ile muti yako. Imesimama kichwa chini, lakini njo yenyewe."

"Matawi yote yapo?"

"Yote iko."

Nikashusha pumzi.

"Lakini huku ndani iko na matunda," akasema. "Nyekundu."

Miaka yote ile mti wangu wa vivuli haukunionyesha hata moja.

Sikufukuzwa. Niliacha mwenyewe, kwa sababu katika kila jicho nilianza kutafuta matunda yangu, na mtazamaji anayejitafuta haaminiki. Ninyi mtakaoishika tochi hiyo, mtazameni mgonjwa angali anaona vizuri, na mwenzenu awatazame ninyi.

Sasa nafika pale kama mgonjwa. Sindano zangu nazichoma kwa saa zake, bila kuruka. Bibiche hunitazama, kisha huenda ukutani na kipande cha tofali jekundu na kutia alama kwenye matawi. Mara ya mwisho alitia mate kidoleni, akafuta mbili. Nikainuka kitini kwa furaha.

"Ngoja, Yaya," akasema, akainama kuokota tofali.