Siku Bi Hadija Alipokuwa Kijana

Bi Hadija binti Mwinyimvua alikuwa na miaka arobaini na tisa na wajukuu wanne, na kwenye karatasi za Kikundi cha Vijana Tujaribu, Mkongo, aliandikwa kijana. Tusimcheke. Mwaka ule wa tisini na nne mashirika yalikuwa yanamiminika Rufiji, na kila shirika lilitaka vikundi vya vijana. Sasa vijana wenyewe wamekwenda Dar kuuza mitumba, kikundi mngekijaza na nani? Watu wakatazamana, wakajiandika. Mtani wake Huseni, Mmatumbi mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, naye kijana.

Walichotaka ni mashine ya kukoboa mpunga, na Hadija ndiye aliyeitaka kuliko wote. Tangu avunje ungo hakupumzika kutwanga: mchi alfajiri, mchi jioni, mpunga wa mumewe Nassibu, wa wageni, wa harusi, wa hitima. Mabega yalimuuma hata akiinua mikono kuomba dua. "Mie hiyo mashine nikiipata," alisema, "kinu nakipasua kuni."

Barua ya shirika ikaja: mashine ni moja, vikundi ni vitatu, na kwanza kila kikundi kilete vijana kumi Kibiti kwa mafunzo ya ushirikiano. Wakadhani mafunzo ni madaftari na soda. Lo! Wakakuta uwanja umejaa kamba, kuta za mbao na madimbwi ya tope, na mkufunzi wao ni binti wa Dar, Rukaiya, raba miguuni, filimbi shingoni.

"Mama, una umri gani?" akauliza Rukaiya.

"Ishirini na nane."

"Tangu lini?" akadakia Huseni. Watu wakaanza kucheka, na kusema kweli hawakuacha tena.

Walicheka wakipanda ukuta, Hadija akisukumwa na wanawake wenzake kama gunia la mpunga linalopakiwa kwenye lori. Walicheka kwenye daraja la kamba, Huseni aliponing'inia huku anapiga shahada. Na wakavuka! Wale vijana wa kweli wa vikundi viwili vingine, kila mmoja mbio peke yake, waliangukia topeni wakatolewa kwenye mashindano. Watu wa Mkongo walijua kungoja mwenzao apate pumzi.

Likabaki zoezi la mwisho. Jukwaa la boriti, kimo chake kama dungu la kulindia ndege shambani, na chini yake tope. Mmoja apande, awape wenzake mgongo, akunje mikono kifuani, ajiangushe kinyumenyume; tisa walio chini wamdake kwa turubai. Akigusa ardhi, kikundi kimetoka na mashine inakwenda wilaya nyingine. Kura ikamwangukia Hadija.

Akapanda. Akakunja mikono, akafumba macho. Hapo Huseni akamwona kama maiti, na mtani gani angeacha? Akaangua kilio: "Ole wetu, Hadija katutoka! Marehemu alikuwa mchoyo huyu, ukipiga hodi anafunika chungu! Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo wangu!" Turubai zima likatikisika kwa vicheko.

"Sijiangushi!" Hadija akafoka kutoka juu. "Dada, huyo ni mtani wangu. Kwenye msiba wa mama yangu aliruka kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe chake. Leo anidake? Ataniachia makusudi, aende kusimulia Ikwiriri nzima!"

"Zimebaki dakika mbili," akasema Rukaiya.

Hadija akaiona mashine ikipakiwa kwenda kwa wengine, akajiona kesho alfajiri ameshika mchi. Aliogopa kuanguka na aliogopa kutoanguka, akakaribia kulia.

Huseni akaacha kilio chake. Miaka ishirini ya utani wao, Hadija hakuwahi kumsikia akitoa neno lisilo na pilipili.

"Mtani," akaita polepole. "Ni kweli niliruka. Na kaburi la mama yako, nani alilichimba?"

"Weye."

"Maji ya kumwoshea, nani aliyateka?"

"Weye."

"Basi mie ndiye nitakayekuzika, na leo si siku yake. Njoo."

Hadija akasema bismillahi, akajiachia.

Angefika salama, lakini mwenzao Mtoro, aliyeshika pembe moja, bado alikuwa na kwikwi za kicheko, na pembe ikamtoka mkononi. Turubai likainama, Hadija akaporomoka nalo. Huseni hakufikiri. Akajitupa chali topeni, na kijana wa miaka ishirini na nane akamwangukia kifuani, puu!

Rukaiya tayari alikuwa na filimbi mdomoni.

"Hajagusa ardhi!" ikasema sauti nyembamba kutoka chini ya turubai. "Kanigusa mimi!"

Rukaiya akainama, akachungulia. Miguu ya Hadija ilikuwa inaning'inia shubiri moja juu ya tope. Binti akajaribu kukaza uso wa kazi, ukamshinda, akapuliza filimbi huku anacheka. "Mashine ya Mkongo!"

Hadija alitaka kucheka na wenzake. Badala yake akatazama viganja vyake, sugu tupu, na machozi yakamtoka. Akalia kwa sauti palepale alipolala, kwa furaha iliyomjaa mpaka kooni.

"Lia, mtani, una haki," Huseni akagugumia. "Lakini inuka kwanza, la sivyo utaanza kunizika wewe."

Hadija akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, wala hakufanya haraka kuinuka.