Jambo Moja Jema Kila Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimeketi kizingitini kwetu Nengo, mpakani na Goma, nimenyoosha mguu wa kulia kama si wangu. Nilikuwa kijana, dereva wa pikipiki ya abiria. Niliteleza mteremkoni siku ya mvua, mguu ukavunjika mahali pawili. Plasta ilikwisha kutolewa, na daktari alitaka nitembee kila siku. Sikutembea. Kila aliyekuja kunijulia hali nilimwambia mimi nimekwisha.

Jirani yetu Mama Neema, aliyevuka mpaka kila siku kuuza kabichi Goma, akatua beseni lake mbele yangu.

"Leo iko nini ya muzuri?"

"Hakuna, mama."

"Bon, haya. Unasema mubaya kila siku mpaka umeizoea. Na muzuri utaizoea vilevile. Kesho nitauliza tena. Usinidanganye."

Kesho yake nikamjibu kwamba uji ulikuwa mtamu. Siku iliyofuata, kwamba nimefika chooni bila kushikwa. Nilijibu ili aniondokee, sifichi. Lakini majibu yakaanza kuniishia, na ili nipate jingine ilibidi nifanye kitu. Nikatembea hadi bombani, baadaye hadi barabarani.

Mwezi wa tatu tangu aanze kuniuliza, Mama Neema hakuonekana kwa siku nne. Tukasikia amefiwa na dada yake huko Goma. Siku ya tano akapita na beseni lake, asiulize chochote. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Mama, leo iko nini ya muzuri?"

Niliona haya papo hapo. Alisimama, akatua beseni lake.

"Sijaiona," alisema. Kisha akatazama viganja vyake: "Ngoja. Dada yangu, nilimuosha mi mwenyewe, na hii mikono. Hiyo iko muzuri."

Akaenda zake sokoni. Nilikuwa nikidhani amezaliwa na moyo mwepesi. Kumbe alikuwa akiufanyia kazi, siku baada ya siku.

Mguu haukunyooka kabisa. Nachechemea hadi leo. Pikipiki niliirudia baada ya mwaka.

Mwanangu, usingoje moyo uchangamke ndipo utafute jema. Litafute kwanza, kila asubuhi, hata liwe dogo, mradi liwe la kweli, na ulitamke mtu akusikie. Siku usipoliona, sema hujaliona, kisha kesho utafute tena. Mungu akujalie afya, akuzungushie watu wema, na siku zako ziwe nyingi.