Mizani Moja Iliyopungua

Tarehe 14 Mei 1991 tulimpoteza binti mmoja wa darasa la sita, shuleni kwetu Matwebe. Ijumaa alikuwa darasani. Jumamosi homa ikampanda, na Jumanne asubuhi mama yake mdogo alikuja shuleni peku, akasimama mlangoni bila kubisha hodi, nikajua.

Nilikuwa mwalimu wao wa Kiswahili. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la saba, ualimu nikafundishwa nikiwa kazini, na ushairi sikuujua sana. Miaka ile maduka ya Tukuyu mjini yalianza kujaa tena sabuni, vitenge, hata redio, lakini kitabu cha mashairi tulikuwa nacho kimoja, tena kimechanika. Kwa hiyo niliwaachia watoto wasahihishane. Mmoja aliimba shairi lake, wenzake wakasikiliza. Aliyesikia mstari umechechemea aligonga dawati. Mwimbaji alinyamaza, aliyegonga akapendekeza neno, na mwenye shairi akajibu "napokea" au "naacha". Bila jibu lake hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu, hata mimi. Sheria hiyo waliitunga wenyewe, kwa sababu mwanzoni walikuwa wakinyang'anyana mashairi kama mpira.

Ijumaa ile binti aliimba shairi la ukungu. Ubeti wa pili ulikuwa na mstari huu:

Ukungu washuka chini, migomba siioni.

Rafiki yake, waliyekaa naye dawati moja, akagonga.

"Kipande cha mwisho kina mizani saba. Inatakiwa nane. Weka 'migomba mimi sioni'."

"Mimi tena? Kwani nani mwingine anaangalia?"

Darasa likacheka.

"Unapokea au unaacha?"

"Ngoja kwanza. Nitasema Jumatatu."

Baada ya mazishi watoto waliomba waliimbe shairi lile siku ya kuondoa matanga, mbele ya mama yake. Nikawapa kipindi wajiandae. Walipofika kwenye mstari ule wakakwama.

"Weka 'mimi' tuendelee," alisema mvulana mmoja wa dawati la nyuma. "Tukiacha hivyo watasema darasa la sita hatujui kuhesabu."

"Hakupokea," rafiki akasema.

"Hakuacha pia."

"Wewe shairi lako lenyewe linatembea na magongo, unamrekebisha nani?"

Siku nyingine wangecheka. Wakanigeukia mimi. "Mwalimu, sema wewe."

Nilijua mizani imepungua moja, na nilijua neno la rafiki linakaa sawa. Nikawaambia twende kumuuliza mama yake.

Tulimkuta jikoni akimenya ndizi za wageni. Rafiki akamwimbia mstari kwa namna zote mbili. Mama alisikiliza, kisu kimesimama mkononi.

"Yote mazuri, mwanangu. Mimi hayo ya kuhesabu siyajui. Mwenyewe alisemaje?"

"Alisema tungoje."

Mama akaendelea kumenya. Tukaaga.

Siku ya matanga mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watu walijibana chini ya turubai, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye mabenchi tuliyoyabeba kutoka shuleni. Mpaka dakika hiyo sikuwa nimewaambia watoto waimbe vipi, nao hawakuniuliza tena. Ubeti wa kwanza waliuimba vizuri. Kwenye wa pili rafiki ndiye aliyekuwa akiongoza, na akaimba kama mwenzake alivyoandika: siioni. Sauti ikafika mwisho mapema. Mkono wake ukagonga benchi, kwa mazoea tu, nikamwona mwenyewe ameshtuka.

Watoto wote wakanyamaza, kama walivyozoea darasani mwenye shairi anapongojwa kujibu.

Wageni walidhani limekwisha. Wazee wakaanza kushukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga, ndaga fijo", na mtu mmoja akapiga makofi, akaacha.

"Mmemaliza?" mama aliuliza.

"Bado, mama," rafiki akasema.

Mama akanitazama. Mimi nikawatazama watoto, nao walikuwa wananitazama mimi. Mvua ilikuwa inapiga turubai. Tulikaa hivyo mpaka mchungaji akasimama, akaomba, na wanawake wakaanza kugawa chakula.