Walimuuliza Mbele ya Jeneza

Mbunge wetu alipofariki, anti yangu alilia kama aliyefiwa na ndugu. Anti ndiye aliyekuwa akiongoza akina mama wa chama huku kwetu Mutuini. Machozi yalipokauka akaniuliza, "Na mimi nikijaribu?"

Mimi nani wa kumkataza? Palepale nikajipa kazi ya kuwa msemaji wake. Shule niliishia kidato cha nne, lakini mdomo ninao. Tukaenda mjini, akajiandikisha kwenye ofisi ya chama kuomba tiketi ya uchaguzi mdogo. Wakamwambia mazishi yakiisha, waombaji wote wataitwa wahojiwe, na atakayewashinda wenzake apewe cheti cha kugombea. Tukatembea hadi mtaa wa Ngara tukicheka, mimi nikijifanya mmoja wa wale wakubwa wa kumhoji.

"Mheshimiwa, barabara za Mutuini utazifanyaje?"

"Kwanza niondolee huo uheshimiwa, nisije nikauzoea bure."

Siku ya mazishi, mahubiri yalipokwisha, mkubwa mmoja wa chama akashika maikrofoni. Akasema chama kimeketi na familia, na si vizuri kiti kitoke nyumba ya marehemu kabla kazi yake haijaisha. Akamwita mtoto wa marehemu, kijana mpole aliyekuwa akiishi ng'ambo, macho mekundu kwa kulia. Kisha akawaita wote walioomba tiketi, wajipange kando ya jeneza, kila mtu aseme kwa mdomo wake kama anamwachia kijana nafasi.

Wanaume walitangulia. "Nimemwachia." Makofi. "Nimemwachia." Makofi tena.

Maikrofoni ikamfikia anti. Akaigeuzageuza mkononi hadi mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mama, si useme! Ama unataka kushindana na maiti?"

Watu wakacheka, msibani hapo. Anti akaweka kiganja juu ya jeneza. "Nimemwachia," akasema, na hakungoja makofi.

Nilimnunia hadi nyumbani. "Anti, si ungewaambia tungoje mahojiano? Si waliahidi?"

"Ningesemea wapi? Mjane amekaa pale, mtoto analia. We ungeweza?"

Nisingeweza. Na wao walijua vizuri mahali pa kutuulizia.

Mahojiano hayakufanyika. Kijana akapewa cheti, na anti ndiye aliyemzungusha ploti kwa ploti akimtambulisha, maana mwenzetu hakujua hata lango moja la kubisha. Simu ya anti nikaachiwa mimi. Akina mama walipiga kuuliza mkutano wake ni lini, naye alikuwa ameniagiza niwaambie wamuunge mkono kijana. Nikawaambia, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya uchangamfu kadiri nilivyoweza. Wengi walisema sawa tu.

Jioni moja akapiga shosho mmoja, bibi kizee wa karibu na kwetu, yule anayeuza sukuma wiki pale sokoni Adams. Nikampa ujumbe.

"Huyo kijana ni mzuri," akasema. "Sina neno na yeye. Lakini mimi nilikuwa namtaka mama yetu."

"Hata mimi, shosho," nikamjibu.

Anti alikuwa ameketi hapohapo karibu nami, anavua viatu vyenye matope ya kuzunguka kutwa. Alisikia. Akavua na kile cha pili, akaniomba maji ya kunawa miguu.